Mafuta Yasiyogombea Shamba

Mti ukikatwa huchipua, lakini msitu unaokatwa haraka kuliko unavyochipua huisha. Mkaa hutokana na miti, na miti huota. Hata hivyo, kila mwaka magari ya mkaa huutafuta mbali zaidi. Basi nishati ni jadidifu pale tu matumizi yasipoushinda ukuaji. Nishati inayotokana na mimea nayo ipimwe hivyo, na iulizwe swali la pili: inamnyang'anya nani shamba?

Ukiacha kuchoma mimea yenyewe, aina zake kuu ni tatu. Ethanoli hupatikana kwa kuchachusha sukari au wanga. Dizeli ya mimea hutengenezwa kwa mafuta kama ya mawese, alizeti au mbono. Na gesi ya samadi huzalishwa na bakteria wanaoozesha kinyesi na mabaki mahali pasipo hewa. Miaka ya 2000 Tanzania iliahidiwa neema ya mbono kaburi, mmea uliosifiwa kwamba hustawi hata kwenye ardhi kame. Kweli huishi penye ukame, ila hauzai mbegu za kutosha bila maji na rutuba, na hapo hugombea ardhi ileile ya mahindi na mihogo. Wilayani Kisarawe, vijiji vilitoa zaidi ya hekta 8,000 kwa mradi wa mmea huo uliosimama mwaka 2011. Wanakijiji walibaki bila ajira na bila ardhi yao.

Mabaki hayana ugomvi huo. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutenga nyuzi, singa inayopatikana haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na kilichosalia hutupwa. Huko Hale, mkoani Tanga, mwaka 2007 mtambo ulianza kugeuza uchafu huo kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Viwanda vya sukari vya Kilombero na Moshi navyo huchoma makapi ya miwa kuendeshea mitambo yao. Shamba limeshalimwa kwa sababu nyingine. Nishati ni faida ya ziada.

Wapo watakaosema Brazili imefanikiwa kwa kulima miwa ya ethanoli tangu mpango wake wa mwaka 1975. Ni kweli, lakini Brazili ina ziada kubwa ya sukari ya kuuza nje, ilhali sisi tunaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Kuchoma alizeti kwenye injini ni kuupunguza mlo. Wengine watahofu kwamba kuchukua samadi ni kuinyima ardhi mbolea. Mtambo wa gesi huchukua hewa inayowaka tu; tope linalobaki hurudi shambani likiwa na nitrojeni yake. Pingamizi zito ni gharama, kwani mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini ana samadi ya kupikia lakini hana fedha ya kujengea mtambo. Hapo ndipo mikopo na ruzuku zielekezwe, kabla hatujamgawia mwekezaji hekta nyingine.