Wafinyanzi wa Quimper

Mji wa Quimper uko katika Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Kando ya mto Odet uko mtaa uitwao Locmaria, ambako ufinyanzi ni wa tangu zamani. Wageni walikuwa wakikaribishwa karakanani wawatazame mafundi kazini.

Udongo hutiwa katika kalibu, hukaushwa, kisha huchomwa katika tanuru. Chombo kikiisha kupoa huchovywa katika maji mazito meupe yenye bati. Ndipo mchoraji hushika burashi, akachora maua, jogoo, au mtu wa Bretagne katika mavazi ya kwao. Ule weupe hunywa rangi mara moja. Mkono ukikosea, kosa halifutiki. Halafu chombo hurudi tanuruni, kikatoka kinang'aa kama kioo.

Labda mtu atauliza, Je, mashine haitii picha upesi kuliko mkono? Naam, yatia. Na kazi ya mkono ina shida zake: karakana mbili kubwa, HB na Henriot, ziliungana mwaka 1968, na mwaka 1983 zikafilisika. Lakini mwaka 1984 walipatikana wanunuzi, ufundi usipotee.

Huko mtoto hupewa bakuli lenye masikio mawili, limeandikwa jina lake kwa mkono. La nduguye halifanani nalo sawasawa. Basi, wazazi na waalimu, ikiwa yuko mfinyanzi kijijini mwenu, mpelekeeni watoto wakajifunze, angali hai.