Baada ya tufani kutulia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika Surat Yunus, aya ya 22 na 23, Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa wasafiri wa jahazini. Upepo mwanana unawachukua, nao wamefurahi. Mara tufani ikawajia na mawimbi yakawazunguka kila upande. Hapo wakamwomba Mola wao kwa ikhlasi, wakaahidi kushukuru. Walipookolewa, wakairudia jeuri yao.

Sisi wa Kigoma na Ujiji hatuhitaji mufasiri mkubwa katika hili. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapolichafua Ziwa Tanganyika, wavuvi wa dagaa hurudi alfajiri wakikumba maji kwa ndoo, na chomboni hakuna asiyejua kuomba dua.

Lakini tuitazame aya vizuri. Wasafiri wale hawakulaumiwa kwa hofu yao wala kwa dua yao. Walilaumiwa kwa waliyoyatenda nchi kavu.

Mwezi Mei 2015 maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya milima na ziwa, na kipindupindu kikawakuta huko. MV Liemba, meli kongwe iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuopolewa 1924, ndiyo iliyowaleta Kigoma. Hapakuwa na gati. Walipelekwa melini kwa mashua, wazee na watoto wachanga.

Haukupita muda tukasikia manung'uniko: wageni wanatumalizia kuni. Kuni zimepungua kweli, hatukatai. Ila Ujiji ni ya nani, jamani? Familia nyingi za mji huo, zenye kujaza misikiti yake, asili yao ni Manyema, ng'ambo ya ziwa. Wazee wao walivuka kwa mitumbwi, wengine wakiwa minyororoni. Vipi mjukuu wa aliyevuka amfungie mlango aliyeshuka jana? Katika Surat Al-Israa, aya ya 67 hadi 69, Mwenyezi Mungu anawauliza waliookoka: mna amani gani kwamba hamtadidimizwa huko huko nchi kavu, au kurudishwa majini mara nyingine?

Na majumbani mwetu je? Usiku ule mtoto alipolazwa hospitali, baba aliahidi kuacha riba. Ami aliahidi kumrudishia yatima shamba la marehemu kaka yake. Mtoto amepona. Mvua za Oktoba zisimkute ami akilipanda tena shamba lile.

Wabillahi tawfiq.