Kufufuka na Kufufuliwa: Swali la Utanzu katika *Babu Alipofufuka*

Msomaji anayeiendea riwaya ya Said Ahmed Mohamed, *Babu Alipofufuka* (2001), akitarajia bunilizi ya kisayansi hana budi kuvunjika moyo. Mtu wa zamani anarudi duniani, lakini hapana maabara, dawa wala mtambo unaomrudisha. Makala hii inadai kwamba jina la riwaya lilikwisha kumwonya msomaji huyo. Hata hivyo, yako malalamiko ambayo onyo hilo haliyaondoi.

Tuanze na kitenzi. Mzizi wake, yaelekea, ni ule wa *-fa*, unaojitokeza kwa umbo la *-fu-* katika *mfu* na *wafu*. Katika *fufua* na *fufuka* mzizi huo umerudufiwa na kufuatwa na viambishi vya kutendua, kama tuonavyo katika *funga*, *fungua*, *funguka*. *Fufua* hudai mtenda, *fufuka* haimdai. Aliyefufuliwa anaye aliyemfufua, naye aweza kumhoji: kwa njia gani, na kwa faida ya nani? Aliyefufuka amerudi tu, kama mizimu irudivyo. Mary Shelley katika *Frankenstein* (1818) hakuweza kumkwepa mtenda, maana kisa chote chahusu dhamana yake. Said Ahmed Mohamed hakumhitaji. (*Nagona* ya Kezilahabi, 1990, nayo ina wafu wanaozungumza, wala hakuna aulizaye walifikaje.)

Kinachosikitisha, kwa maoni yangu, ni kwingine. Babu anamchukua K, mjukuu aliyeneemeka, na kumtembeza aione hali halisi ya nchi yake. Anayeshangaa ni K, aliye hai. Babu ndiye kiongozi wa safari. Mfu aliyetoka zama nyingine anaifahamu leo kuliko mwenye leo yake! Kwa tashtiti, mpango huo unafaa sana. Lakini wakati uliopita unabakia hakimu tu. Haujifunzi neno, haukosei, haushitakiwi.

Kwa wasomaji wa mwambao wa Ziwa Viktoria ulinganisho u karibu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha kwa Kikerewe, mwaka 1945, kisa kirefu cha Myombekere na Bugonoka. Tafsiri ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa 1980, alifariki 1981. Kitereza hakumfufua yeyote. Aliwaweka watu wake katika Ukerewe ya kabla ya ukoloni, wasijue yatakayokuja, akawaacha wahangaikie mtoto, mganga na wakwe. Msomaji ndiye ajuaye kilichofuata, na ujuzi huo humwelemea.

Babu wa 2001 angaligawiwa sehemu ya kutojua huko: akose neno la kuitia kitu akionacho, aulize bei, aelewe vibaya. Hapo K angalilazimika kumweleza, na katika kueleza angalijisikia mwenyewe anavyosema.