Shamba la Kijiji ni Mali ya Nani?

Shamba la kijiji si la mwenyekiti. Si la katibu wala la mtu mmoja. Ni mali ya wanakijiji wote. Tusome lilikotoka na namna ya kulilinda.

Zamani

Zamani kazi nzito ilifanywa kwa ujima. Mwenye shamba aliwaalika majirani. Walilima pamoja, wakala na kunywa kwake. Siku nyingine walikwenda kwa jirani mwingine. Lakini mavuno yalikuwa ya mwenye shamba.

Mashamba ya kijiji yalienea baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwalimu Julius Nyerere alihimiza watu waishi pamoja na walime pamoja. Mwaka 1973 na 1974 ukame ulileta upungufu wa chakula nchini. Ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka 1975 sheria ilivipa vijiji halmashauri zao.

Kila mtu alipangiwa siku ya kazi. Mahudhurio yaliandikwa katika daftari. Mavuno yaliwekwa ghalani au yaliuzwa. Fedha zilisaidia shule, zahanati na duka la kijiji.

Kwa nini mengi yalififia?

Katika miaka ya 1980 mashamba mengi yalififia. Sababu ya kwanza ni mvua. Katika nchi kavu kama Nduguti, mvua ni za msimu mmoja. Zikinyesha, kila nyumba hutaka kupanda shamba lake kwanza. Shamba la wote hubaki nyuma. Sababu ya pili, mahali pengine watu walilazimishwa. Sababu ya tatu ni hesabu. Mtu akilima bila kujua mavuno yamekwenda wapi, mwaka wa pili jembe lake huwa zito.

Ardhi ya pamoja leo

Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyoundwa mwaka 2012 kutoka Wilaya ya Iramba. Mji ukikua, viwanja hutafutwa. Ardhi isiyo na maandishi hupotea upesi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inagawa ardhi ya kijiji sehemu tatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi ya watu na familia, na ardhi ya akiba. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali ardhi ipi iwe ya pamoja. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo, mwanamke kwa mwanamume.

Tusome hesabu

Tuseme shamba limetoa magunia 20 ya alizeti. Kila gunia limeuzwa shilingi 50,000.

Mapato: 20 × 50,000 = 1,000,000
Mbegu: 120,000
Kulimisha: 200,000
Magunia: 30,000
Jumla ya matumizi: 350,000
Baki: 650,000

Hesabu hii ni fupi. Wewe uliyejifunza kusoma unaweza kuikagua. Ikibandikwa ukutani, isome. Isipobandikwa, iulize katika mkutano. Kuuliza si ugomvi. Ni kulinda jasho lako na la jirani yako.

Maswali

1. Ardhi ya kijiji imegawanywa sehemu ngapi? Zitaje.
2. Je, kijiji chako kina ardhi ya pamoja? Mipaka yake imeandikwa wapi?
3. Shilingi 650,000 zingefaa kazi gani kijijini kwenu? Jadilianeni.