Hii ni ya Mbu, Shangazi

Aliyeniuzia chupa aliniapia kwamba inamaliza kila kidudu chenye mbawa. Nina kuku 180 wa mayai hapa Mbinga mjini, na inzi walikuwa wamenigombanisha na jirani zangu. Nikaimwagia samadi yote. Siku ya nne nikafukua kwa kijiti, nikakuta funza wanene, weupe, wanafurukuta kana kwamba nimewanywesha uji.

Mtoto wa kaka yangu, anayesomea kilimo, akasoma maandishi ya chupa. "Hii ni ya mbu, Shangazi."

Ilikuwa dawa ya viluwiluwi, jamii ya zile zinazotengenezwa Kibaha kwenye kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Ndani mna bakteria, Bacillus thuringiensis wa aina iliyopatikana jangwa la Negev, Israeli, mwaka 1976. Bakteria huyo hutengeneza chembe za sumu ya protini. Kiluwiluwi akizila, tumbo lake lenye hali ya magadi huziyeyusha, kisha utumbo unatoboka. Tumbo letu lina asidi, hazitudhuru. Lakini sumu hii ina wenyewe: hummaliza mbu, funza wa inzi haimtishi.

Baadhi ya bakteria wa jamii hiyo wana sumu nyingine, thuringiensini, na hiyo funza inamuua kweli. Miaka ya 1960 watafiti Marekani waliilisha kuku, ikapita tumboni na kutokea kwenye mavi ikiwa bado kali. Ubaya wake haichagui, hata wanyama huwadhuru, ndiyo maana nchi nyingi zimeikataa. Mayai yangu yanaishia kwenye chipsi mayai pale stendi. Sithubutu.

Mpwa wangu akainama chini ya vyombo vya maji. Kimoja kilikuwa kinavuja, na hapo ndipo funza walipojaa. Mavi mabichi ya kuku karibu robo tatu ni maji. Ukiongeza ya kuvuja umewapikia. Nikaziba, nikamwaga maranda makavu, na sasa kila Jumamosi nakwangua samadi naianika juani kabla ya kuipeleka kwenye kahawa.

Dada yangu wa Mbamba Bay hasubiri Jumamosi. Kule ziwani joto ni kali, yai la inzi linakuwa inzi kamili kwa wiki moja hivi, na samaki wake wa usipa wameanikwa mchangani, hatua chache kutoka bandani. Yeye hukwangua kila baada ya siku tatu.