Injini ya Land Rover ya Petroli: Imekwisha au Imesahauliwa?

Kwa miaka mingi Land Rover ndiyo iliyokuwa gari la kutegemewa katika mwambao wa Kilwa na Lindi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri aliyetoka Dar es Salaam alivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika yalipokaza barabara ya kusini haikupitika. Katika hali hiyo, gari lililoweza kukata matope ya mabondeni na mchanga wa pwani lilikuwa mali kubwa kwa ofisi za serikali, misheni na vyama vya ushirika. Siku hizi magari ya Kijapani ndiyo mengi zaidi, lakini Land Rover za zamani hazijatoweka. Kila moja inapoharibika, swali lile lile hufika mbele ya kamati: injini itengenezwe, au gari liuzwe kwa bei ya chuma chakavu?

Swali hilo ni zito kwa sababu linahusu mali ya wanachama wote. Mara nyingi hujibiwa kwa neno moja la fundi: "Imekwisha." Makala haya yanaeleza injini ya petroli iliyotumika zaidi katika magari hayo, udhaifu wake unaojulikana, na vipimo vitatu ambavyo kamati inapaswa kuvidai kabla ya kulikubali neno hilo.

MAUMBILE YA INJINI

Injini hii ya lita mbili na robo ilianza kutumika mwaka 1958 katika Land Rover ya Mfululizo wa Pili. Iliendelea katika Mfululizo wa Tatu, uliotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Ina silinda 4 katika mstari mmoja. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,286. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47, na mwendo wa pistoni ni milimita 88.9. Bloku na silinda hedi zote mbili ni za chuma cha kusubu. Krenkshafti ilishikwa na beringi kuu 3 hadi mwaka 1980, ndipo zikaongezwa zikawa 5.

Nguvu zake ni kiasi cha farasi 70 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, ambazo si nyingi kwa gari zito. Lakini injini hii haikuundwa kwa mbio. Huvuta vizuri ikizunguka polepole, na ndiyo maana hupanda vilima vya Kipatimu na Rondo bila kulazimishwa. Mgandamizo wake pia ni mdogo: 7 kwa 1 katika zile za mwanzo, na 8 kwa 1 katika nyingi za baadaye. Kwa hiyo haihitaji petroli ya daraja la juu.

Vipimo vifuatavyo viandikwe na kubandikwa mahali ambapo dereva na fundi wataviona:

Mpangilio wa kuwaka kwa silinda: 1, 3, 4, 2.
Nafasi ya valvu zote: milimita 0.25.
Nafasi ya pointi za distributa: milimita 0.35 hadi 0.40.
Nafasi ya plagi: milimita 0.75 hadi 0.80.
Oili pamoja na filta: lita 7 hivi.
Maji ya kupoza: lita 10 hivi.

ADUI WA KWANZA: MAJI

Maji ya visima vingi vya mwambao hupita katika mawe ya matumbawe, hivyo huwa na chokaa, na karibu na bahari huwa na chumvi pia. Kila mpishi wa pwani anajua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huo huo huganda katika njia za maji za injini na katika mirija ya rejeta, ukazuia joto lisitoke. Chumvi nayo hula vizibo vidogo vya chuma vilivyo ubavuni mwa bloku, hata siku moja kimoja kinatoboka na maji yote kumwagika safarini.

Injini ya namna hii inapochemka, dereva huona kosa ni la jua au la mlima. Akiendelea na safari, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Kinga yake ni rahisi: maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, yakachanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto. Aidha, desturi ya kuitoa thamostati na kuitupa ili injini isichemke haiponyi rejeta iliyoziba. Injini huchelewa kupata joto lake la kazi, na petroli isiyoungua huteremka na kuchafua oili.

HEWA, PETROLI NA UMEME

Kichujio cha hewa cha injini hii ni cha bakuli lenye oili, ambamo vumbi hunaswa. Katika barabara za Njinjo au Nanjirinji wakati wa kiangazi, bakuli hilo hujaa tope upesi. Likiachwa bila kusafishwa, vumbi hupita na kusaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Uharibifu huo hauponywi kwa kurekebisha hiki na kile. Dawa yake ni oveholi.

Kabureta ya Zenith iliyofungwa katika nyingi ya injini hizi ina kasoro yake. Uso wa sehemu ya juu hupinda kwa joto au kwa kukazwa kupita kiasi, na pete ya raba iliyo ndani hukauka. Petroli hupenya isikotakiwa, moshi huwa mweusi, na injini hunguruma bila utulivu ikiwa imesimama. Gari la namna hii likiwa zima huenda kilomita 5 hadi 6 kwa lita. Na ichukuliwe safari ya kilomita 120: kwa kilomita 6 kwa lita, hutumia lita 20, ikishuka hadi kilomita 4, hutumia lita 30. Lita 10 zimepotea katika safari moja, na pengine sababu ni pete ya raba tu.

Umeme nao hudhoofishwa na hewa ya bahari. Waya unaounganisha betri na bodi, na ule unaounganisha injini na chasi, huota kutu katika viungo vyake. Stata ikazunguka kwa uvivu, betri hulaumiwa na kununuliwa nyingine. Ni vema viungo hivyo vifunguliwe, visuguliwe na kupakwa grisi kabla ya fedha kutumika.

VALVU NA PETROLI ISIYO NA RISASI

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa sababu risasi hudhuru afya, na hasa ubongo wa watoto. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, katika injini nyingi za zamani risasi ilikuwa pia ikivilinda viti vya valvu visilike. Si kila injini huathirika, lakini dalili yake inajulikana: nafasi ya valvu hupungua tena na tena baada ya kurekebishwa, kwa kuwa valvu inazama katika kiti chake. Mwishowe valvu haifungi sawasawa, huungua ukingo, na silinda moja hupoteza nguvu. Dawa yake ni kufunga viti vya chuma kigumu wakati silinda hedi imefunguliwa.

VIPIMO VITATU KABLA YA HUKUMU

Kwanza, upimwe mgandamizo wa kila silinda, injini ikiwa na joto na plagi zote zimetolewa. Jambo la kutazama ni tofauti baina ya silinda na silinda. Ikiwa moja iko chini, itiwe oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha ipimwe tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda zimelika. Kisipopanda, kosa huelekea kuwa la valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi iliyo baina yao inashukiwa.

Pili, upimwe msukumo wa oili kwa geji, wala taa ya dashibodi isitegemewe. Injini yenye joto, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inapaswa kuonyesha ratili 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba. Ikiwa chini sana ya hapo, pampu au beringi zimelika.

Tatu, ichunguzwe njia ya maji. Oili yenye rangi ya maziwa, mapovu yasiyokoma katika rejeta, au maji yanayopungua bila kuvuja nje, yote ni dalili za gasketi iliyoungua au hedi iliyopasuka.

Gharama za magonjwa haya hazifanani hata kidogo. Kusaga valvu na kubadili gasketi ni kazi ya silinda hedi peke yake. Bloku haishuki garini. Beringi na silinda zilizolika hudai injini yote ishushwe. Fundi anayesema "imekwisha" bila kuonyesha vipimo hajasema ni ugonjwa upi kati ya hiyo.

WAJIBU WA KAMATI

Kila gari la chama linastahili daftari lake. Humo dereva aandike kilomita, petroli, oili na maji yaliyoongezwa, na tarehe ya kila matengenezo. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha, miezi kabla ya gari kusimama njiani, kwamba oili inaongezwa mara kwa mara au kwamba lita zile zile hazifiki tena mbali kama zamani. Katika msimu wa ufuta au wa korosho, gari lililosimama huchelewesha kazi ya chama kizima, na mkulima ndiye anayengoja.

Iwapo vipimo vitatu vitaonyesha kwamba injini imelika kweli, kamati iamue bila soni kuliuza gari. Lakini iamue ikiwa na hesabu mkononi, na wanachama waonyeshwe hesabu hiyo katika mkutano mkuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na fedha za kujengea ukuta huo ni zao.