Mbwa Barobaro Akianza Tena Kuchafua Jikoni

Wengi wetu hudhani mbwa mdogo akishajua kwenda nje kujisaidia, basi, kazi imekwisha. Kumbe sivyo. Mbwa aliyekuwa na adabu akiwa na miezi 4, anafika miezi 7 au 8 na kuanza upya. Leo amekojoa karibu na mafiga, kesho amekunya stoo kando ya magunia ya mahindi. Mama anaamka alfajiri kuwasha moto, anakanyaga uchafu, na mbwa anapigwa kwa ukuni. Kesho yake ni yale yale.

Jambo hili si la kuchekwa tu. Jikoni ndipo watoto wadogo wanapotambaa na kuokota vitu na kuvitia mdomoni, na mavi ya mbwa huweza kuwa na mayai ya minyoo yanayomdhuru binadamu. Kwa hivyo tulitazame vizuri.

Kwa nini anaanza tena?

Sababu ya kwanza ni umri. Kati ya miezi 6 na 12 hivi, mbwa anabalehe. Dume huanza kuinua mguu na kukojoa kidogo kidogo ukutani, mlangoni na kwenye magunia. Hiyo ni alama, anawaambia mbwa wengine kwamba hapa ni kwake. Jike naye akiingia kwenye joto hukojoa mara kwa mara.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Tukiona amekua tunaacha kumtoa nje. Tunampa ugali na maziwa saa 3 usiku halafu tunamfungia mpaka saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 9 na tumbo limejaa. Atafanya nini?

Sababu ya tatu ni harufu. Pua ya mbwa ni kali kuliko yetu. Mahali alipokojoa jana, hata kama wewe husikii kitu, yeye anasikia, na anajua hapo ndipo choo.

Sababu ya nne ni ugonjwa. Mbwa mwenye minyoo au anayeharisha hawezi kujizuia. Akikojoa matone matone, akilia anapokojoa, au ukiona damu, hilo si kosa la adabu. Mwone daktari wa mifugo.

Fimbo haisaidii

Mbwa huunganisha adhabu na kile anachofanya dakika hiyo hiyo. Ukimpiga asubuhi kwa kosa la usiku, haelewi. Anachojifunza ni kukuogopa, na kwenda kujificha chini ya kitanda au nyuma ya ghala ili asionekane. Kumsugua pua kwenye uchafu pia hakumfundishi kitu. Watu husema anajua amekosa kwa sababu anainamisha kichwa, lakini anainamisha kwa kuwa anaona umekasirika.

Hatua za kufuata

1. Mpe chakula cha jioni mapema, kama saa 12, kwa saa ile ile kila siku. Tumbo likizoea saa, choo nacho kitakuwa na saa. Usimnyime maji mchana.

2. Mtoe nje asubuhi mara tu mlango unapofunguliwa, baada ya kula, akiamka mchana, na mwisho kabla watu hawajalala. Mfunge kamba umpeleke mahali pamoja tu, mbali na kisima, mboga na uwanja wa watoto. Simama kimya umngoje. Akimaliza, msifu hapo hapo na umpe kipande cha ugali. Usingoje mrudi nyumbani, atafikiri anasifiwa kwa kurudi.

3. Ukimkuta akikosea, piga makofi mara moja umpeleke nje amalizie huko. Ukikuta amekosea zamani, safisha tu na unyamaze.

4. Ondoa harufu kabisa. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua udongo uliolowa, utupe mbali na nyumba, kisha ujaze mpya na kukandika. Kama ni ya saruji, osha kwa sabuni na maji mengi, suuza, halafu pitisha siki iliyochanganywa na maji. Magunia yaliyokojolewa yaoshwe na kuanikwa juani.

5. Mtengenezee mahali pake pa kulala. Kibanda kidogo cha mbao za mabaki, kilichoinuliwa kutoka chini na kisichovuja, kinatosha. Mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua anapolala. Stoo na jikoni zifungwe.

Watu wote wa nyumba wafuate mpango mmoja. Kama baba anamtoa nje na watoto wanamfungia ndani, mbwa atachanganyikiwa. Jipeni wiki 2 au 3 bila kuruka siku. Kwa dume anayetia alama kila mahali, kuhasiwa na daktari huwapunguza wengi tabia hiyo.

Mavi yenyewe yaende wapi?

Yaokotwe kila siku kwa jembe au koleo, yatiwe kwenye choo cha shimo au yafukiwe chini sana, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Kuna sababu ya kusema kila siku. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa huhitaji kama wiki 2 au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Ukiokota mapema umeyatangulia. Ukiyaacha, udongo huo unaweza kuwa na hatari kwa muda mrefu.

Kuna mnyoo mwingine mbaya zaidi. Mbwa huupata akila maini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia yenye vifuko vya maji. Mtu akimeza mayai yanayotoka na mavi ya mbwa huyo, vifuko hivyo huota ndani ya mwili wake, hasa kwenye ini, na vyaweza kukua miaka mingi kabla hajajua. Turkana imeteswa sana na ugonjwa huu, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuuzuia huko. Basi siku ya kuchinja, sehemu zenye vifuko zichomwe au zifukiwe chini sana, mbwa asipewe.

Mbwa mzima apewe dawa ya minyoo kila miezi 3 hivi, na mdogo mara nyingi zaidi. Dawa hupimwa kwa uzito. Mtie mbwa ndani ya gunia, kichwa nje, umning'inize kidogo kwenye mizani ya kupimia mahindi. Mwulize daktari kama dawa hiyo inaua na minyoo ya tegu, maana si zote zinazoiua.

Ya kujadili kikundini

- Katika boma zetu, mbwa wanalala wapi, na watoto wanacheza wapi?
- Siku ya kuchinja, nani huangalia matumbo na maini yanakokwenda?
- Je, tunaweza kuchanga pamoja, tumwite daktari siku moja na mbwa wote wa kijiji wapewe dawa?